Kupiga kambi New Melones: mti mmoja, hema upande huu, meza upande ule

Ukitaja kambi mbele ya Waswahili wa huku California, akili za wote zinakimbilia Yosemite, ile hifadhi ya taifa. Sina ugomvi na Yosemite. Ila kupata nafasi kule wakati wa kiangazi ni bahati nasibu, na sisi tunaofanya kazi za zamu kwenye nyumba za kulea wazee hatujui ratiba zetu mapema kiasi hicho. Kwa hiyo mimi na wanangu huishia katikati ya njia, kwenye vilima vilivyo miguuni mwa milima ya Sierra Nevada, ambako kuna nyasi, mialoni, misonobari, na mito iliyozibwa ikawa maziwa.

Ziwa letu ni New Melones. Kutoka Stockton unashika barabara namba 4, unapita Farmington na Copperopolis hadi Angels Camp, unaingia namba 49 kuelekea kusini, na muda si mrefu unaona kibao cha Glory Hole. Ukitokea Modesto unapanda na namba 108 kupitia Oakdale, kisha unashika 49 kwenda kaskazini mpaka Tuttletown. Hizo ndizo sehemu mbili za kambi, kila moja ng'ambo yake ya maji. Zote ziko chini ya Bureau of Reclamation, idara ya serikali kuu inayosimamia mabwawa, na nafasi unabuku kwenye tovuti ya Recreation.gov. Jaza mafuta kabla hujaanza kupanda. Nyama ya halali inunue mjini, usije ukaitafuta vilimani.

Mwezi kwanza, vifaa baadaye

Mvua karibu yote ya mwaka hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba unaweza usione hata tone. Vilima huwa kijani mwezi Machi, na ikifika mwishoni mwa Mei nyasi zote zimekauka na kuwa rangi ya dhahabu. Usiidharau tofauti hiyo kwa kudhani ni mandhari tu. Ndiyo inayoamua utapika na nini, utalala vipi, na kama watoto watafurahi au watashinda ndani ya gari huku kiyoyozi kinanguruma.

Mimi napenda Aprili na nusu ya kwanza ya Mei. Ziwa huwa limejaa au linaendelea kujaa theluji ya milimani inapoyeyuka, mchana unavumilika, na maua ya popi ya rangi ya chungwa yametanda kando ya barabara. Ubaya wake ni kupe, nitawafikia. Julai na Agosti joto hugonga nyuzi 38 na kupita. Nenda tu kama mna boti, au kama mmekubaliana kushinda majini. Mwisho wa Septemba na Oktoba ni muda mzuri pia, maana shule zimefunguliwa na nafasi zipo, lakini mashamba ya bondeni yameshanywa maji msimu mzima na ziwa limeshuka. Kiwanja ambacho pichani kilikuwa kando ya maji utakikuta juu ya mteremko mrefu wa udongo mwekundu. Miaka ya ukame mkali ziwa hushuka mpaka daraja la zamani la Parrotts Ferry huibuka. Kabla ya kubuku, angalia kimo cha maji cha wiki hiyo. Kinatangazwa mtandaoni bure.

Mti

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mtu akilieleza vizuri.

Sisi tumekulia karibu na ikweta. Kule saa sita mchana kivuli cha mwembe kiko chini ya mwembe, unatandika mkeka na habari imeisha. New Melones iko latitudo ya 38 kaskazini. Jua halifiki utosini hata siku moja, hata Juni. Saa sita mchana, mwaka mzima, kivuli huangukia upande wa kaskazini wa mti. Asubuhi kinarefuka kuelekea magharibi, alasiri kinarefuka kuelekea mashariki. Wakati wa joto kivuli unachokililia ni cha alasiri, kuanzia saa nane hadi saa moja jioni, maana wakati huo wa mwaka jua huchelewa sana kuzama.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, alipotoka Tanga kuja kututembelea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwaloni akichambua mchele. Kila baada ya muda anajisogeza. Mwisho akaniita. "Mwanangu, mti wenu huu una nini? Kivuli chake hakikai kwake."

"Shangazi, jua la huku linapita pembeni."

"Basi na jiko lipite pembeni. Mimi nimechoka kuhamahama."

Tukahamisha meza mashariki mwa mti, na hiyo ndiyo kanuni yangu hadi leo: hema magharibi mwa mti, meza na deli la barafu mashariki mwake. Hema unalitumia usiku na asubuhi. Likiwa magharibi, kivuli cha asubuhi kinalifunika, nanyi mnalala mpaka saa mbili au tatu bila kugeuka mikate kwenye oveni. Alasiri litapigwa jua, lipigwe, hakuna mtu ndani. Meza nayo inaachwa juani asubuhi wakati bado kuna kibaridi na jua ni tamu, halafu inapata kivuli muda wote wa kupika na kula. Kwa kuwa kivuli cha asubuhi ni kirefu, hema halihitaji kuwa chini ya matawi. Liweke mbali nayo.

Meza za viwanja vingi ni nzito au zimefungwa ardhini, kwa hiyo huwezi kuhamisha kila kitu. Basi chagua kiwanja kwa kuitazama meza: je, ina mti upande wake wa magharibi? Ramani ya kubukia inaonyesha viwanja, na picha za setilaiti zinaonyesha miti. Dakika kumi za kuvilinganisha zinatosha. Ukifika, fungua dira ya simu. Dira hiyohiyo itakupa kibla, ambayo kutoka hapa ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, wala si mashariki moja kwa moja kama wengi wanavyodhani.

Sasa, mti gani? Miti ya hapa haifanani kwa kivuli. Msonobari wa vilima hivi una majani ya kijivu, marefu, machache, na shina lake mara nyingi hugawanyika kama manati. Unapendeza kwa mbali, ila kivuli chake ni chujio. Tena hubeba makoni mazito yenye kucha, makubwa kuliko ngumi mbili, na utomvu wake ukidondokea hema hautoki kwa sabuni. Usiweke hema wala gari chini yake. Mwaloni wa buluu, ule wenye majani yanayoelekea rangi ya moshi, unatoa kivuli cha wastani wakati wa joto na hupukutika majira ya baridi. Bora kuliko yote ni ule mwaloni usiopukutisha majani, wenye majani madogo, magumu, ya kung'aa. Kivuli chake ni kizito kama cha mwarobaini. Hasara yake ni kwamba majani hayo mengi yana miiba pembeni, nayo hutoboa magodoro ya kupuliza. Fagia kwanza, hata mara mbili, ndipo utandaze turubai.

Kisha inua kichwa. Ukame wa 2012 hadi 2016 pamoja na mende wanaotoboa magome ya miti uliua zaidi ya miti milioni 100 California, mingi ikiwa misonobari ya Sierra, na vilima hivi havikusalimika. Tawi lisilo na majani wakati wenzake wanayo, limekufa. Usilale chini yake hata kama kivuli cha shina ni kizuri kiasi gani. Ukiona shina au tawi nene limejaa matundu, na kila tundu limepachikwa kokwa ya mwaloni, hiyo ni ghala ya kigogota. Ndege hao huishi kwa ukoo, wanajaza kokwa maelfu kwenye mti mmoja na kuulinda pamoja. Watoto wangu wanaweza kuutazama kwa saa nzima. Wamiwok, wenyeji wa vilima hivi, nao waliishi kwa kokwa hizohizo: walizitwanga, wakauchuja unga kwa maji mengi mpaka uchungu utoke, wakapika uji. Si mbali sana, huko Pine Grove, kuna mwamba wenye vinu 1,185 walivyochimba kwa kutwanga.

Hema lenyewe

Vigingi vya alumini vinavyokuja na hema viache nyumbani. Kiangazi udongo huu mwekundu ni tofali, na chini yake kuna mwamba. Nunua misumari ya chuma ya sentimita 25 au 30 na nyundo nzito. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema, la sivyo mvua ya Aprili itaingia katikati ya turubai na sakafu, mkajikuta mnalala dimbwini. Kiwanja kikiwa na mwinuko, vichwa vielekee juu.

Baridi ya usiku hutoka chini pia, si hewani tu. Blanketi mbili juu yako hazisaidii kama chini kuna godoro la upepo tupu. Weka mkeka wa sponji au blanketi la sufu kati yako na godoro. Oktoba, baada ya mchana wa fulana, usiku unaweza kuhitaji kofia.

Jiko

Pilau inawezekana, tena bila taabu, ukimalizia kazi ya vitunguu nyumbani. Vikaange mpaka viwe kahawia iliyokolea, changanya na tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, tia kwenye kopo na ugandishe. Nyama nayo ichemshe nyumbani, uigandishe na supu yake. Mizigo hiyo miwili ndiyo barafu yako ya siku ya kwanza. Kambini unatia mafuta kidogo, unamwaga kopo, nyama, supu, mchele. Shida huja mwishoni, kwenye kupalia. Makaa juu ya mfuniko ndiyo utamu wenyewe, lakini kuna miezi ambayo makaa hayaruhusiwi kabisa. Maji yakishakauka, zima gesi, funika sufuria kwa karatasi ya foili na mfuniko, uivingirishe kwa taulo nene na blanketi, uiache nusu saa. Inaiva mpaka juu.

Jiko la gesi la mafiga mawili linatosha. Kinga upepo kwa sinia lililosimamishwa wima, maana upepo hulaza moto. Beba madeli mawili: la vinywaji, ambalo watoto watalifungua kila dakika, na la chakula, ambalo mfunguaji ni wewe peke yako.

Ukichoma mishikaki kuanzia Agosti, nyigu wa njano watakutangulia mezani. Wanapenda nyama, na soda wanaipenda. Mimi huchoma kigiza kikianza kuingia, wakati wameshaenda kulala. Na usinywe kopo la soda lililoachwa wazi bila kulichungulia.

Usiku, chakula chote, taka, dawa ya meno na hata mafuta ya kupaka viingie ndani ya gari na vioo vipandishwe. Rakuni, yule mnyama mdogo mwizi wa usiku, anafungua deli vizuri kuliko mume wangu. Dubu weusi hawapiti hapa sana kama juu milimani, lakini hawaalikwi.

Moto

Kila kiwanja kina duara la chuma lenye wavu. Kuwepo kwake si ruhusa. Kiangazi mamlaka hutangaza makatazo kwa hatua, na mara nyingi kuni na mkaa hupigwa marufuku huku jiko la gesi lenye kitufe cha kuzimia likiruhusiwa. Soma tangazo siku moja kabla ya safari, na ukifika soma tena ubao wa langoni, kwa sababu mambo hubadilika kwa upepo wa siku moja.

Kuni usibebe kutoka kwako. Kusini mwa California kuna mende mwenye madoa ya dhahabu anayeua mialoni, na anasafiri ndani ya kuni za watu kama sisi. Nunua Angels Camp au Sonora. Ukimaliza, mwagia maji, koroga, mwagia tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, bado. Gari pia ni moto: bomba la moshi lililotoka kupanda mlima likigusa nyasi kavu linaziwasha. Egesha kwenye lami au changarawe tu, na kama mnavuta boti, mnyororo usiburute barabarani. Cheche zake zimechoma vilima vingi.

Maji

Watu hufika wakitafuta ufuko. Usiutegemee. Ziwa hili ni korongo la mto Stanislaus lililojazwa maji. Ukuta wa bwawa ulikamilika 1979, na kijiji cha Melones, cha wachimba dhahabu, kiko huko chini. Mei mwaka huo mwanaharakati Mark Dubois alijifunga kwa mnyororo kwenye mwamba mahali pa siri ili korongo lisijazwe maji, na ujazaji ukasimamishwa kwa muda. Baadaye mvua zikashinda. Ninachotaka ukumbuke ni umbo: kingo ni miteremko ya korongo. Mtoto anapiga hatua tatu maji ya kiuno, ya nne hakanyagi kitu. Juu maji ni vuguvugu, miguuni ni baridi ya kukata pumzi, na chini kuna visiki.

Hakuna mlinzi wa waogeleaji. Sheria ya California inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi la kujiokolea kwenye boti inayotembea. Kwangu sheria ni kwamba kila asiyejua kuogelea analivaa hata akiwa amesimama ukingoni, na hapo namhesabu mume wangu, aliyezaliwa Dodoma. Kukodisha boti au kayaki kuna marina upande wa Glory Hole. Kuvua samaki, mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni, hata kama ameshika ndoano ya mwenzake. Kuna bass, kambare, trauti, na kokani, samoni mdogo asiyefika baharini, mtamu sana kwa kukaanga na ndimu.

Vinavyouma

Nyoka mwenye njuga mkiani yupo, hasa kuanzia Aprili. Usitie mkono usipopaona: nyuma ya jiwe, chini ya gogo, ndani ya lundo la kuni. Usiku tembea na tochi na viatu vilivyofunga vidole. Kandambili ni za bafuni. Akimng'ata mtu, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, vua pete na saa, piga 911, au endesha mpaka simu ishike mtandao, maana kwenye mabonde haya hupotea. Kupe wanatafutwa mwilini kila jioni ya Aprili: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti.

Lakini kinachoharibu safari za watu wengi si mnyama. Ni kichaka ambacho mabango yanakiita poison oak. Kina majani matatu-matatu, yanang'aa wakati wa kuchipua, yanakuwa mekundu mazuri mwisho wa kiangazi, na majira ya baridi ni vijiti vitupu ambavyo bado vina sumu. Kinapanda hata juu ya mialoni. Sisi tumezoea upupu, unakugusa na papo hapo unaruka. Hiki kinasubiri. Unakigusa Jumamosi, unaenda kazini Jumatatu ukiwa mzima, na Jumanne mikono imejaa malengelenge. Ni mafuta ya mmea yanayofanya hivyo, kwa hiyo ukihisi umekigusa, osha haraka kwa sabuni ya vyombo na maji baridi, ukisugua kwa kitambaa kama unaondoa grisi. Usikitie kwenye moto hata kijiti kimoja, maana moshi wake huingia mapafuni.

Majirani, na kurudi

Saa nne usiku kelele zinaisha. Ni saa nne kweli, si saa nne ya harusi. Viwanja vya huku kwa kawaida vina kikomo cha watu na magari, kwa hiyo mkiwa ukoo mzima bukuni eneo la vikundi la Tuttletown badala ya kujazana kwenye kiwanja kimoja na kumngoja askari aje na tochi.

Mkifika nyumbani, nguo zote ziingie mashine moja kwa moja, kwa maji ya moto na sabuni nyingi, bila kupitia kochi. Kamba za viatu zifue pia, na vigingi, na mpini wa nyundo ufute kwa spiriti. Mafuta ya kile kichaka hukaa kwenye kitu kwa miezi. Mtu anaweza kupata malengelenge mwezi wa Desemba kwa kufungua mfuko wa hema sebuleni.